Sikio Lisilokauka: Kolesteatoma, Asili Yake na Visababishi Vyake

Tumfikirie mnunuzi mmoja katika duka la dawa muhimu mjini Makongolosi, Wilaya ya Chunya. Si mtu fulani anayejulikana. Tumemchora kwa ajili ya somo hili tu. Ni mchimbaji mdogo wa dhahabu, umri wake miaka 30 na kitu, na sikio lake la kushoto limekuwa likitoa usaha tangu alipokuwa darasa la nne. Halimuumi. Hutoa majimaji yenye harufu mbaya, hukauka kwa wiki mbili au tatu, kisha huanza tena. Kila linapoanza hufika dukani, na muuzaji hana haja ya kumuuliza anachotaka. "Dokta, nipe yale matone," husema, na chupa ndogo hutolewa kwenye rafu. Amekwisha kununua chupa ngapi? Hajui. Bei ya chupa moja si kubwa, na kitu cha bei ndogo aghalabu hakihesabiwi.

Sura hii tumeiandika kwa ajili ya mnunuzi huyo, na kwa ajili ya mama anayemnunulia mwanawe matone hayohayo. Huenda kinachomsumbua ni maambukizo sugu ya kawaida ya sikio la kati, ambayo yanatibika. Lakini huenda pia ndani ya sikio hilo mna kitu ambacho hakuna tone, kidonge wala sindano iwezayo kukiondoa: ngozi iliyoota mahali isipopaswa kuwapo, ikijilimbikiza mwaka baada ya mwaka na kuula mfupa unaoizunguka. Madaktari huiita kolesteatoma. Ikiwa ndiyo, chupa inayopunguza harufu kwa wiki mbili humpa mgonjwa nafuu ya kweli, nayo nafuu hiyo humfanya aahirishe safari ya hospitali, ilhali ugonjwa wenyewe hausimami.

Jina linalopotosha

Jina hili lilitolewa mwaka 1838 na Johannes Müller, mtaalamu wa Kijerumani wa elimu ya mwili, aliyeamini kuwa anatazama uvimbe wenye mafuta. Muda mrefu kabla yake, mwaka 1683, Mfaransa Joseph-Guichard Duverney alikuwa ameeleza jambo linalofanana nalo katika kitabu chake juu ya sikio. Wengine waliuita uvimbe wa lulu, kwa sababu ya weupe wake unaong'aa. Jina la Müller ndilo lililobaki, ingawa lina makosa mawili ndani yake. Kwanza, kitu hiki hakifanyizwi na mafuta wala lehemu. Pili, si uvimbe kwa maana ya chembe za mwili zilizoasi na kuzaana ovyo. Kolesteatoma si saratani, wala haisambai kwenda mapafuni au kwenye ini.

Tunalitaja jambo hili mapema kwa sababu linamhusu mlaji moja kwa moja. Mgonjwa anayesikia neno linalofanana na kolesteroli huweza kuacha mayai na nyama bila faida yoyote, na anayesikia neno uvimbe huweza kukata tamaa kabla hajapimwa. Hakuna mlo unaoleta kolesteatoma na hakuna mlo unaoiondoa. Kwa hiyo mtu akikuuzia unga wa lishe au dawa ya "kusafisha mafuta mwilini" akisema utakausha sikio, hicho anachokiuza hakihusiani na ugonjwa ulio nao.

Kolesteatoma ni nini basi? Ni mfuko wa ngozi. Ngozi yenyewe ni ya kawaida, ya aina ileile iliyo mkononi mwako na ndani ya tundu la sikio. Kilichoharibika ni mahali ilipo. Ngozi yoyote hai huzaa tabaka jipya chini na kuambua tabaka kuukuu juu. Mkononi, tabaka hilo kuukuu huondoka kwa kuoga na kusuguana na nguo. Ndani ya mfuko uliofungika halina pa kwenda. Hukaa humo, likafuatwa na jingine, na jingine tena, hata daktari akiupasua mfuko hukuta maganda meupe yaliyopangana mithili ya kitunguu. Unyevu ukiingia, bakteria hupata chakula na makazi, na hapo ndipo ile harufu inayomfanya mgonjwa akae mbali na wenzake inapotoka.

Njia ya Kawetere na mrija wa sikio

Ili kuelewa mfuko huo unavyoanza, tuchukue safari ambayo watu wa Makongolosi wanaifahamu. Kutoka Makongolosi hadi Mbeya ni takribani kilometa 111. Barabara ikishapita Chunya hupanda milima ya Kawetere, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kisha huteremka kuelekea jijini. Katika mteremko huo abiria wengi huhisi masikio yameziba. Mmoja humeza mate, mwingine hupiga mwayo, na ghafla sikio hufunguka na sauti ya injini ikarudi kama kawaida.

Kilichofunguka ni mrija wa Yustakio, njia nyembamba inayounganisha sikio la kati na nyuma ya pua. Sikio la kati ni chumba kidogo cha hewa kilichoko nyuma ya kiwambo cha sikio. Ndani yake mna vifupa vitatu vilivyoshikana, yaani nyundo, fuawe na kikuku, vinavyopokea mtikiso wa kiwambo na kuupeleka sikio la ndani. Kiwambo hutikisika vizuri pale tu hewa iliyo nyuma yake inapolingana na iliyo mbele yake. Kazi ya kulinganisha ni ya mrija huo, unaofunguka kwa muda mfupi kila tunapomeza.

Sasa fikiria mrija usiofunguka vizuri. Nao hautatizwi kwa saa moja ya safari, bali kwa miezi na miaka. Hewa iliyomo katika chumba kile hunyonywa polepole na utando unaokizunguka, na hakuna nyingine inayoingia kuchukua nafasi yake. Kiwambo huanza kuvutwa kwenda ndani. Sehemu yake kubwa ni imara kwa kuwa ina tabaka la nyuzi katikati, lakini eneo dogo la juu ni laini na legevu. Eneo hilo ndilo linalokubali kuvutwa kwanza. Hudidimia kidogo, kisha zaidi, hata likawa kishimo chenye shingo nyembamba kinachoelekea nyuma ya vifupa.

Hapa kuna jambo la ajabu kidogo ambalo watu wachache wanalijua. Ngozi ya kiwambo cha sikio hutembea. Husogea polepole kutoka katikati ya kiwambo kwenda pembeni, halafu kwenye kuta za tundu la sikio hadi nje, kwa mwendo unaokaribia ule wa kukua kwa kucha, ikibeba nta na vumbi. Ndiyo sababu sikio lenye afya hujisafisha lenyewe, na ndiyo sababu vijiti vya pamba vinarudisha ndani kile ambacho sikio lilikuwa linakitoa nje. Ngozi iliyo ndani ya kishimo nayo hujaribu kutembea, lakini shingo ya kishimo ni nyembamba mno. Maganda yakishindwa kutoka, kishimo kimekuwa mfuko, na kuanzia hapo ni kolesteatoma.

Hiyo ndiyo njia ambayo wataalamu wengi wanaikubali kwa kolesteatoma nyingi zinazompata mtu baada ya kuzaliwa. (Ipo pia ya kuzaliwa nayo, nayo ni nadra, hatutaijadili hapa.) Lakini si njia pekee. Mtu mwenye kiwambo kilichotoboka kwa sababu ya usaha wa muda mrefu huweza kuipata kwa namna nyingine: ngozi ya tundu la sikio hutambaa juu ya ukingo wa tundu na kuingia chumba cha ndani, hasa tundu likiwa pembeni mwa kiwambo badala ya katikati. Nadharia nyingine husema kwamba utando wa sikio la kati wenyewe, ukiunguzwa na maambukizo kwa miaka mingi, hugeuka ukafanana na ngozi. Nyingine husema kuwa chembe za chini za ngozi ya kiwambo huchipua na kupenya kwenda ndani. Mabishano haya yalianza karne ya 19 na hayajaisha, wala hatuoni sababu ya kumficha msomaji jambo hilo. Yumkini si wagonjwa wote walioupata ugonjwa huu kwa njia moja.

Ipo njia ya jeraha pia, na kwa mji wa machimbo tunadhani inastahili kutajwa peke yake. Mlipuko wa baruti karibu na mtu huweza kupasua kiwambo na kusukuma vipande vidogo vya ngozi hadi ndani, vikaota humo. Cheche ya kuchomelea chuma ikiingia sikioni huunguza kiwambo, na hata kofi zito huweza kukipasua. Mara chache, upasuaji wa zamani wa sikio nao huacha mbegu ya ngozi nyuma yake. Aliyepatwa na mojawapo ya haya, hata kama alipona na kusahau, afanyiwe uchunguzi wa sikio endapo baadaye litaanza kutoa majimaji au kupoteza usikivu.

Mchimbaji atauliza: je, kelele za karasha? Kelele za karasha, mitambo ya kuchorongea miamba na majenereta huharibu sikio la ndani, yaani zile chembe zinazogeuza mtikiso kuwa ujumbe wa ubongo. Hazisababishi kolesteatoma. Lakini tunaona hatari katika kuchanganya mambo haya mawili. Mtu anayesikia vibaya sikio moja, huku likitoa usaha, huweza kujiambia kuwa ni karasha tu, kwa kuwa wenzake wote husikia vibaya. Kelele za kazi kwa kawaida hupunguza usikivu wa masikio yote mawili, tena bila usaha na bila harufu. Sikio moja linalonuka lina habari nyingine.

Kwa nini watoto

Mrija wa Yustakio wa mtoto ni mfupi kuliko wa mtu mzima, umelala zaidi na ni laini zaidi, kwa hiyo mafua hupanda kwa urahisi hadi sikio la kati. Tezi za nyuma ya pua zikivimba huuziba. Moshi wa sigara nyumbani huongeza maambukizo ya sikio kwa watoto wadogo. Hili limethibitishwa mara nyingi. Mtoto aliyezaliwa na mdomo au kaakaa lililopasuka yumo katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu misuli inayofungua mrija haikushikana ipasavyo, na masikio yake hayana budi kuangaliwa mara kwa mara hata baada ya kaakaa kurekebishwa.

Uchunguzi mmoja wa wanafunzi wa shule za msingi za Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 1996, uliwakuta watoto wapatao 9 kati ya kila 100 wa sehemu za vijijini wakiwa na usaha sugu wa sikio, ilhali wale wa mjini walikuwa zaidi kidogo ya 1 kati ya 100. Tofauti hiyo haikutokana na masikio ya watoto wa kijijini kuumbwa vingine. Ni umbali wa huduma, msongamano wa nyumba, moshi, na imani ambayo bado tunaisikia kila mahali: kwamba sikio la mtoto kutoa usaha ni jambo la utoto, litakoma lenyewe akikua.

Tusiongeze hofu isiyostahili. Masikio mengi yanayotoa usaha hayana kolesteatoma. Takwimu zinazonukuliwa sana kutoka Ulaya hutaja wagonjwa wapya wapatao 3 kwa kila watoto 100,000 na 9 kwa kila watu wazima 100,000 kwa mwaka. Ni ugonjwa wa wachache. Tatizo ni kwamba kwa macho ya mzazi, na hata kwa macho ya muuzaji wa dawa, usaha wa hao wachache haupambanuki na usaha wa wengine.

Mfupa unaoliwa

Watu hushangaa wakiambiwa kuwa ngozi inakula mfupa. Hufanyika hivi. Mfuko unaokua hugandamiza mfupa ulio kando yake. Ngozi iliyowaka kwa maambukizo hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha protini zinazoushika mfupa pamoja, na huziamsha zile chembe za mwili ambazo kazi yake ya kila siku ni kuvunja mfupa mkuukuu ili mpya ujengwe. Hapa huvunja tu, na ujenzi haufuati. Sikio linapokuwa na maji na bakteria kazi hii huenda mbio. Likiwa kavu hupungua mwendo, lakini kwa kawaida haikomi.

Fuawe huwa cha kwanza kuliwa katika wagonjwa wengi, kwa kuwa kimguu chake ni chembamba na damu yake ni haba. Mnyororo wa vifupa ukikatika, usikivu hushuka. Hata hivyo hapa pana mtego unaowadanganya hata wahudumu wa afya: wakati mwingine mfuko wenyewe huziba pengo la kifupa kilichokwisha kuliwa na kupitisha sauti badala yake. Mgonjwa hupimwa, akakutwa anasikia vizuri kiasi, akarudishwa nyumbani. Kusikia vizuri si ushahidi kwamba sikio ni salama.

Zaidi ya vifupa kuna vitu ambavyo mtu hapendi vifikiwe. Mshipa wa fahamu unaoendesha uso hupita ndani ya mfereji mwembamba wa mfupa katika sikio la kati. Mfereji ukitobolewa, upande mmoja wa uso hulegea, jicho lisifumbe na mdomo ukapinda. Mirija ya usawa wa mwili iko jirani kabisa. Ikitobolewa, mtu hupata kizunguzungu, wakati mwingine kwa kugusa sikio tu. Juu ya sikio la kati pana paa la mfupa mwembamba sana, na juu ya paa hilo ni ubongo. Homa ya uti wa mgongo na jipu la ubongo hutokea kwa njia hiyo. Ni maradhi ambayo hospitali zetu bado huyapokea kutoka katika masikio yaliyoachwa yakitoa usaha kwa miaka.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja lisisubiri rufaa, mshahara wala mavuno. Mtu mwenye sikio linalotoa usaha akipata uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, uso uliopinda, kizunguzungu kikali, maumivu makali ya kichwa pamoja na homa, shingo kukakamaa, kutapika, degedege au kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, iwe mchana au usiku.

Fedha yako inanunua nini

Turudi dukani. Matone ya sikio si adui. Katika maambukizo sugu ya kawaida, kukausha sikio na kutia matone sahihi kwa wiki mbili huwaponya wengi au kuwatuliza. Hata mwenye kolesteatoma huandikiwa matone ili kupunguza maambukizo kabla ya upasuaji. Wasichoweza kufanya matone ni kuutoa mfuko wa ngozi. Kwa hiyo kipimo chetu kwa mlaji ni siku: usaha uliotoka kwa siku 14 au zaidi ni ugonjwa sugu unaohitaji mtu wa kuliangalia sikio, na usaha unaorudi baada ya kozi moja iliyotumiwa vizuri haufai kununuliwa chupa ya pili kabla sikio halijachunguzwa.

Matone yenyewe hayafanani. Baadhi yana viuavijasumu vya jamii ya jentamaisini na neomaisini, ambavyo vikipita kwenye kiwambo kilichotoboka huweza kudhuru sikio la ndani. Matone ya jamii ya siprofloksasini hayajulikani kuwa na madhara hayo, nayo ndiyo yanayopendekezwa kwa sikio lililotoboka. Una haki ya kusoma lebo au kusomewa: jina la dawa iliyomo, tarehe ya mwisho wa matumizi, na kama ni ya sikio au ya jicho. Una haki pia ya risiti. Chupa isiyo na lebo, au iliyojazwa kutoka katika chombo kingine, usiichukue hata kwa bei ya kutupa. Dawa zinazouzwa nchini husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na ukitilia shaka dawa uliyouziwa unaweza kuiarifu mamlaka hiyo.

Usitie sikioni mafuta ya taa, mafuta yaliyopashwa moto, maji ya majani wala maziwa. Tunajua hutiwa kwa nia njema, tena mara nyingi na bibi au shangazi ambaye mtu hathubutu kumbishia. Lakini kiwambo kikiwa kimetoboka, kile unachokitia hakikomei kwenye tundu la sikio bali huingia moja kwa moja chumba cha ndani. Halikadhalika usimruhusu mtu yeyote avute kinyama kinachoonekana ndani ya sikio. Kinyama hicho mara nyingi ni alama kwamba kolesteatoma iko nyuma yake, na mzizi wake huweza kuwa umeshikana na kifupa au mshipa wa uso. Kikivutwa, huja na kilichoshikana nacho.

Kuhusu waganga wa tiba asili, sheria inawatambua na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala huwasajili. Sisi hatuna ugomvi nao. Lakini mganga aliye mwaminifu, kama muuza dawa aliye mwaminifu, hana chombo cha kuona nyuma ya kiwambo, na anayeahidi kulikausha sikio moja kwa moja bila kulitazama ndani anaahidi asichoweza kukijua.

Njia ya kufika kwa mpasuaji

Anza katika zahanati au kituo cha afya, kwa sababu barua ya rufaa hutoka huko na mwenye bima huihitaji. Mwombe mhudumu atazame ndani ya sikio kwa kifaa chenye taa. Sikio likijaa usaha hataona kitu. Linapaswa kukaushwa kwanza kwa kitambaa safi au karatasi laini iliyosokotwa, kisha litazamwe tena. Mwambie wazi muda ambao sikio limekuwa likitoa usaha, na mwambie kuhusu harufu, hata kama unaona aya. Neno "linanuka" lina maana kubwa kwa anayejua kusikiliza.

Kutoka Hospitali ya Wilaya ya Chunya, mgonjwa wa Makongolosi kwa kawaida huelekezwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, inayohudumia Nyanda za Juu Kusini, na ikibidi hadi Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam. Daktari wa masikio, pua na koo atalisafisha sikio chini ya darubini, na aghalabu hapo ndipo jibu linapopatikana, kwa kuwa kishimo kile cha juu hakionekani kirahisi bila mwanga na ukuzaji. Kipimo cha usikivu hufuata. Picha ya CT ya mifupa ya sikio humsaidia mpasuaji kujua mfupa umeliwa kiasi gani. Kabla ya safari, uliza mfuko wako wa bima ni vipimo gani vinalipiwa, na kama upasuaji wenyewe umo. Ni bora kulijua hilo ukiwa nyumbani kuliko ukiwa dirisha la malipo.

Tiba ni upasuaji. Mfupa wa nyuma ya sikio hufunguliwa, mfuko wote hutolewa, na sikio huachwa salama. Kwa mpasuaji lengo la kwanza ni sikio kavu na uhai usiotishwa. Usikivu huja wa pili, na wakati mwingine hurekebishwa katika upasuaji mwingine. Tunalisema wazi kwa sababu malalamiko mengi baada ya upasuaji huzaliwa na ahadi ambayo hakuna aliyeitoa: mgonjwa alidhani anakwenda kurudishiwa kusikia.

Njia kuu ni mbili. Katika moja, ukuta wa mfupa wa tundu la sikio huachwa ulivyo; sikio hubaki na umbo lake, lakini ngozi iliyosalia kwa bahati mbaya huweza kuota tena bila kuonekana, kwa hiyo mara nyingi upasuaji wa pili wa kuhakikisha hupangwa baada ya miezi kadhaa au mwaka. Katika nyingine, ukuta huondolewa na kubaki shimo kubwa wazi. Ugonjwa ukirudi huonekana mapema, lakini shimo hilo huhitaji kusafishwa hospitali mara kwa mara kwa miaka mingi, pengine maisha yote, na maji ya kuoga lazima yazuiwe. Kwa mtu anayekaa kilometa 111 kutoka kwa daktari wa masikio, tofauti hii si ya kitaalamu tu. Ni ya nauli na siku za kazi. Mweleze daktari unakoishi, unafanya kazi gani, na kama utaweza kurudi. Muulize kwa nini amechagua njia aliyoichagua, ni hatari zipi kwa uso na usikivu wako, na utaangaliwa kwa muda gani. Fomu ya ridhaa isitiwe sahihi kabla ya majibu hayo.

Ugonjwa huu hurudi, hasa kwa watoto, na wakati mwingine baada ya miaka mingi ya ukimya. Tarehe za marudio ziandikwe nyumbani mahali panapoonekana, wala zisifutwe kwa sababu sikio limekauka.

Na siku ya kwenda kliniki, chukua chupa tupu za matone ulizowahi kutumia, zile zilizobaki dirishani au ndani ya sanduku, hata kama lebo zimefifia. Daktari atataka kujua ni dawa gani zimeingia katika sikio hilo na kwa muda gani, na katika safari ndefu majina ya dawa husahaulika.